Kibonyeo Kwenye Kona ya Tangi

Kazi nzima ya tangi lile iligharimu shilingi elfu moja na mia nane, pakiti mbili za sabuni ya unga, ndoo kumi na tisa za maji, na tyubu moja ya baiskeli ambayo ilikuwa yangu. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili imetoka vilevile. Kuna kitu kingine kilichotumika ambacho hakikuandikwa kwenye risiti. Bwana Athumani hangekubali kukilipa, na mimi hadi leo sijakitaja mbele ya mtu kinayemhusu. Nakitaja hapa kwa sababu tangi limerudi.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliingia dukani kwangu, hapa Homa Bay ninapouza vipuri vya magari, akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gunia. Kabla hajakifungua nilishasikia harufu. Petroli mpya hunuka haraka na kuondoka. Petroli iliyosahaulika miaka mingi ndani ya chuma hunuka kama vanishi iliyochanganywa na sarafu za zamani, na haiondoki. Inakwenda kukaa mahali nyuma ya pua, karibu na macho. Nilishika kaunta.

"Ni ya gari ya spoti, madam. Ya zamani. Ilikuwa ya babu yangu."

"Mikanda yake miwili umeileta?"

Akaniangalia kama aliyeingia kwa mganga bila kujua. "Umejuaje ni miwili?"

"Hiyo bei yake ni tofauti," nikamwambia. "Fungua gunia."

Alipolifungua nikapeleka mkono moja kwa moja kwenye kona ya kushoto. Kibonyeo kilikuwepo, kipana kama kiganja cha mtoto. "Hiyo ndiyo nataka itolewe," kijana akasema. "Na iko na katundu inavuja. Gari yote tumeirudisha kama mpya. Imebaki hiyo tu."

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mjini Migori. Gereji yake ilikuwa mabati manne juu ya nguzo, nyuma ya soko, pande tatu wazi. Alichomelea milango, toroli, fremu za baiskeli, na mara mojamoja tangi la mafuta, kazi ambayo mafundi wengine wote wa mstari ule walikuwa wameikataa. Sababu yao kila mtu aliijua. Mwenzao mmoja alikuwa amepeleka moto kwenye pipa la petroli lililokuwa tupu, tena tupu kabisa, na pipa likampasukia. Alizikwa kwao Uriri. Sisi watoto tuliposikia mlio tulifikiri ni tairi la lori. Kwa wiki nzima wakubwa walikuwa wakiambiana lilikuwa tupu, lilikuwa tupu, kama watu waliouziwa kilo isiyojaa na hawajui wamlalamikie nani.

Baba ndiye aliyenieleza. "Nyara," akasema, maana hivyo ndivyo alivyoniita, binti yangu kwa Kijaluo, "petroli ikikaa ndani, inawaka tu. Ikitoka, inaacha hewa yake. Hiyo hewa ndiyo inaua fundi."

"Hiyo hewa inaonekana aje?"

"Haionekani. Inanuswa."

Na hapo ndipo tatizo lilipokuwa, kwa sababu pua ya Baba ilikuwa imekufa. Miaka ya kuvuta moshi wa mabati iliimaliza. Mama angeweza kuunguza omena, wale dagaa wa ziwani, sufuriani, na Baba akawa ameketi pale pale akisubiri chakula kwa furaha. Kwa hiyo pua ya gereji ilikuwa mimi. Baba aliosha tangi, akaliacha juani ili kilichojificha kwenye pembe kitoke, kisha akaniita. Niliinama kwenye mdomo wa tangi, nikavuta pumzi, nikasema moja kati ya mawili: bado, au haina kitu. Halafu alinituma nikanuse sweta yangu ili pua isahau, na kuniita tena. Mara mbili, kila tangi, hata kama nyuma yake kulikuwa na dereva anayepiga honi. Malipo yangu yalikuwa andazi moja. Nilijaribu kudai mawili, kwa kuwa nilinusa mara mbili, akasema tangi ni moja.

Ila kwa akili ya mtoto nililipanga jambo lile vibaya. Nilielewa kwamba harufu yenyewe ndiyo inayolipuka. Kwamba kama hakuna anayeisikia, basi haipo, na fundi yuko salama. Kwa muda mrefu kosa hilo halikumdhuru mtu.

Bwana Athumani alikuwa mtu wa pwani aliyeuza vitambaa karibu na stendi. Gari lake la viti viwili, jekundu lililopauka, lilikuwa limekaa miaka ndani ya stoo ya duka, liko chini kama limepiga magoti. Ndilo alilomleta nalo mkewe Migori wakiwa vijana. Sasa binti yao alikuwa anaolewa Homa Bay siku ya Jumamosi, na mzee alikuwa ameapa kwamba bibi harusi atapanda gari lile lile. Injini ilishatengenezwa. Kilichobaki ni tangi, lililokuwa likidondosha chini ya buti kama pua ya mtoto.

"Elfu tatu," Baba akasema.

"Fundi, nimekuja kuziba tundu. Sikuja kununua gereji."

"Ni tundu mbili, mzee. Na ndani ni kutu tupu."

"Elfu moja, na dua juu yake."

Baba akatazama mabati. Mikono yake ilijua kila kitu, lakini mdomo haukujua bei. Mama, aliyejua, alikuwa Muhuru Bay wiki ile akinunua omena za kuuza. Nikaona kazi inatoroka.

"Elfu mbili," nikasema, "na mimi niende Homa Bay ndani ya gari."

Wote wawili wakageuka. Bwana Athumani akacheka mpaka akashika kofia yake. "Huyu bi mdogo ni wa nani?"

"Ndiyo pua," Baba akasema, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu.

"Elfu moja na mia nane. Fundi atakaa na mimi mbele, gari likileta matata njiani alishughulikie. Bi mdogo atakaa kwenye kile kibaraza nyuma ya viti. Huyu hata anapokaa paka atatosha."

Siku hiyo sikulala mchana wala sikucheza. Nilikuwa nimepata safari kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumatano Baba alilitoa tangi. Lilikaa chini ya sakafu ya buti, limeshikwa na mikanda miwili ya chuma, na bolti ya mkanda wa kushoto ilikuwa imeshikana na kutu mpaka ikakatika. Alimwaga masalio ya petroli, rangi yake kama chai ya rangi iliyolala. Tukatia kokoto, sabuni na maji ya moto, yeye akashika kona hii na mimi ile, tukalitikisa mpaka mikono ikakataa. Ndoo kumi na mbili. Ndani kulikuwa na vyumba, vipande vya bati vilivyogawa tangi ili mafuta yasiruke kwenye kona za barabara, na nyuma ya vile vyumba mkono haukufika.

Alhamisi asubuhi niliamka nikakuta uji hauna ladha. Nikainamisha pua kwenye mvuke wake. Hakuna. Nikanusa kitunguu. Hakuna. Mafua yalikuwa yameingia na kufunga mlango nyuma yao. Nyumbani kwetu sheria ilikuwa moja, mgonjwa hasafiri. Baba angejua, angenipeleka kwa shangazi, na kile kibaraza nyuma ya viti kingekwenda Homa Bay kitupu. Nikapangusa pua kwa upande wa ndani wa mkono wa sweta. Siku nzima nilipumua kwa mdomo kama samaki, nikimgeuzia Baba bega.

Saa nane mchana Bwana Athumani alikuja, akaketi kwenye kigoda. "Fundi, kesho ni Ijumaa. Nina msikiti, nina wageni. Leo tumalize."

Tangi lilikuwa juu ya meza ya chuma, juani. Kando ya meza kulikuwa na nusu pipa la maji, lile la kutafutia pancha.

"Nyara. Njoo."

Niliinama. Nikavuta kilichowezekana kuvutwa. Hakukuwa na kitu, bila shaka, kama ambavyo hakukuwa na kitu kwenye kitunguu.

"Haina kitu, Baba."

"Nusa sweta."

Nikanusa sweta. Nikarudi, nikainama tena.

"Haina kitu."

Nawaambia ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza: nusu ya akili yangu iliamini. Sisikii, kwa hiyo haipo. Nusu nyingine ilikuwa tayari imeketi kwenye kibaraza cha gari.

Baba akaitikia kwa kichwa. Hakunitazama hata usoni. Angenitazama kwa nini, kama pua ilishasema? Akaenda kwenye nguzo ya mwisho ambako mitungi ya gesi ilikaa. Kila mara aliwashia moto kule mbali, kisha akatembea nao.

Nilikuwa nikirudi nyuma kumpisha nilipotazama chini. Kivuli cha tangi kilikuwa kimelala kwenye udongo, na pale kilipokuwa kivuli cha mdomo wake, kitu kilikuwa kinacheza. Kilicheza kama joto juu ya lami, ila joto hupanda, na hiki kilikuwa kinashuka, kinamiminika ubavuni mwa tangi. Nilikiona kivuli hicho siku nyingi kwenye kituo cha petroli, kila walipofungua kifuniko cha gari kwenye jua kali. Nikainua macho nikatazama mdomo wenyewe. Hakuna kitu. Nikatazama chini. Kipo.

Nyuma yangu gesi ikalipukia kwenye mwali, pwu, kisha ikatulia ikanguruma.

Kutoka nguzo ile hadi mezani ni hatua tisa. Nilikuwa nimezihesabu zamani kwa kukosa kazi. Baba alikuja polepole, akivuta mpira wa gesi nyuma yake, miwani myeusi ikiwa bado kwenye paji la uso. Mbili. Tatu. Maneno niliyotakiwa kusema yalikuwa mawili tu, nina mafua, na yalikuwa yamefika hadi kwenye meno. Nne. Niliona vidole vyake, vile vya mkono wa kushoto alivyokuwa akinifungia vifungo vya sare nilipokuwa chekechea. Tano. Bwana Athumani alikuwa akisema jambo kuhusu mchele wa harusi. Sita, na Baba akashusha miwani.

Nikasukuma tangi kwa mikono miwili.

Kona yake iligonga ukingo wa pipa, ikatoa sauti ambayo bado naijua, kisha likapinduka likaanguka majini. Likaelea kidogo, likageuka, likaanza kunywa, glu, glu, glu, mpaka likazama lote. Baba alikuwa amesimama hatua tatu mbali, moto mkononi. Akafunga gesi.

"Umefanya nini?"

"Nimeteleza."

Bwana Athumani alitazama chini. "Ameteleza kwenye nini, fundi? Hapa hata mate yanakauka kabla hayajafika."

Baba alikuwa amevua miwani, anatazama pipa. Nami nilitazama, nikaona juu ya maji rangi zikitanda taratibu, buluu, zambarau, kijani kibichi, kama nguo za dukani kwa Bwana Athumani. Nilidhani anatafuta kibonyeo. Alichovya kidole, akakisugua kwa dole gumba, akakipeleka puani kwa mazoea tu, kisha akakiweka kwenye ulimi. Akatema pembeni.

"Mzee," akasema, "haijawa tayari. Kesho."

"Haijawa vipi? Mtoto kasema haina kitu, nimesikia kwa masikio yangu. Mara mbili!"

"Ni mimi sikuosha vizuri."

"Na kona yangu iliyobonyezwa?"

"Hiyo pia ni yangu."

Nilisubiri kipigo. Hakikuja, na kwa mtoto hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu hujui umewekewa wapi. Alinipa ndoo tu. "Saba," akasema. "Na uhesabu."

Ijumaa nilipoamka, kwenye kigoda kando ya kitanda kulikuwa na kikopo cha dawa ya mafua, ile ya kupaka kifuani, kifuniko kikiwa kimeshafunguliwa. Nikafikiri Mama amerudi. Nikampigia kelele jikoni. Mama alirudi kutoka Muhuru Bay siku tatu baadaye.

Asubuhi ile Baba hakuniita kunusa. Aliliosha tangi kwa ndoo zote saba, akalijaza maji mpaka karibu na matundu ili hewa isipate pa kukaa, kisha akaniambia niende nikasimame kule sokoni kwa wauza nyanya. Nilisimama pale nikilia. Niliamini nimefukuzwa kazi kwa sababu ya kuteleza. Nilihesabu nyanya za mama mmoja, mafungu kumi na manne, nikazirudia, nikisubiri mlio. Mlio haukuja. Alikuja Baba mwenyewe, mikono ikiwa na masizi, akasema, "Leta tyubu ya baiskeli yako."

Aliikata vipande virefu akavilaza kati ya mikanda na tangi, ili chuma kisile chuma. Tukalipandisha mahali pake, yeye chini ya gari akisukuma kwa miguu, mimi ndani ya buti nikishika bolti mpya. Mpira mpya wa mafuta, klipu mbili. Lita moja ya petroli ya majaribio, na karatasi kavu tuliyoipitisha kwenye kila kiungo. Karatasi ilibaki kavu. Hakusema kama nitasafiri au sitasafiri, nami sikuuliza, kwa kuogopa jibu.

Jumamosi alfajiri aliniinua tu akaniweka kwenye kibaraza.

Safari niliyoipigania sikuiona. Nilikuwa nimekunja magoti nyuma ya vichwa viwili, kofia nyeupe na nywele zenye mvi za kwanza, na nyuma ya mgongo wangu, unene wa bati moja tu, lilikuwa tangi. Tulipita Uriri, na nikamkumbuka yule aliyezikwa kule. Baada ya hapo pua ilianza kufunguka. Kwanza nikasikia miwa iliyokatwa. Kisha marashi ya Bwana Athumani. Na tulipokaribia Rongo nikasikia kitu cha tatu.

Hapo ndipo nilipojua uongo una bei gani. Alhamisi nilisema haina kitu wakati kuna kitu. Leo nikisema kuna kitu, nani ana sababu ya kusimama? Na ikiwa ni harufu ya jana tu iliyobaki kwenye bati? Nikanusa sweta yangu. Nikanusa tena.

"Baba. Petroli."

"Bi mdogo, hili ni gari," Bwana Athumani akasema bila kugeuka. "Linywe chai? Bibi harusi anasubiri."

"Simamisha, mzee," Baba akasema.

"Fundi, saa..."

"Simamisha."

Tukasimama kando ya barabara. Baba akaingia chini ya gari akiwa na suruali yake ya harusi. Alikaa kule muda. Klipu moja ilikuwa imelegea kwa mitikisiko, na tone lilikuwa likiangukia karibu na bomba la moshi, tone, kisha tone. Akaikaza kwa sarafu ya shilingi, kwa sababu bisibisi ilibaki Migori. Bwana Athumani aliposhuka akaona lile doa kwenye lami, aliacha kuzungumza kuhusu saa.

"Pua ya huyu," Baba akasema, "haijawahi kunidanganya."

Alisema akiwa bado chini ya gari. Sikuuona uso wake.

Tangu siku ile sentensi hiyo ameitumia kama kitambulisho. Ameisema mbele ya walimu wangu. Aliisema siku wakwe walipokuja kuzungumza mahari, na naamini iliniongezea ng'ombe mmoja. Kila anapoisema mimi hutabasamu na kutafuta kitu cha kushika. Kile kikopo cha dawa nimekifikiria miaka mingi. Nimefikiria kidole kwenye ulimi. Kuna siku nahesabu na kupata kwamba alijua yote tangu pale kwenye pipa. Nikirudia hesabu, napata kwamba ni mzee tu anayemsifu mwanawe. Ni hesabu pekee maishani mwangu ambayo haijawahi kutoka sawa mara mbili.

Nilimpigia simu Migori nikamwambia kuna tangi la zamani limeletwa dukani. Sikutaja la nani.

"Ile iko na kona imebonyea?" akauliza.

Hakungoja nijibu. Yeye akaendelea, kwa sauti ya mtu aliyepata kazi. Anakuja Alhamisi. Hataki nimpe fundi mwingine. Mikono inatetemeka kidogo lakini tundu ni dogo. Mimi nitie kokoto na sabuni, nilianike juani, yeye atachomelea mwenyewe. "Na wewe utanusa," akasema. "Kama kawaida."

Kijana naye anapiga simu kila siku kuuliza kama kibonyeo kitatoka. Kinaweza kutoka, ni kazi ya nusu saa na nyundo ya mpira, shilingi mia tano, mia nne akinibembeleza. Sijamjibu.

Kwa hiyo nawauliza ninyi wa rika langu, mliolelewa kwenye gereji, jikoni na mashambani mkiaminiwa kazi kubwa kuliko umri wenu. Alhamisi mzee ataniita mezani, ataniuliza, atanituma ninuse sweta, ataniuliza tena. Je, nimwambie kabla sijainama kwamba siku ile sikuteleza? Au nimwachie sentensi yake, kama huenda ameibeba miaka yote hii kwa ajili yangu? Na ile kona, niinyooshe au niiache? Nishaurini kabla ya siku hiyo, tafadhali. Tangu jana napiga chafya.